Daftari la Pande Mbili

Nimelikuta kidakani, chini ya miwani iliyofungwa uzi.
Arobaini imepita juzi,
masufuria ya watu bado hatujayarudisha.

Ukilifungua mbele, ni mambo ya mji:
mtaro wa Langoni umeziba tena.
Taa ya kichochoro cha kina Bishara, siku ya tisa giza.
Koki ya msikitini inavuja, mpira umekwisha, nani anao?
Ukiligeuza ukaanzia nyuma, ni sisi:
Zena, homa, saa nane usiku, kanywa uji vijiko vitatu.
Khuleita, kiatu namba thelathini na mbili, cha kulia kinabana.
Somoe.
Jina la mama tu, na nukta.
Mstari uliobaki aliuacha mtupu.

Matangani walisimama wakubwa, wakasema
nguzo ya Amu imeanguka.
Nguzo!
Nguzo husimama pahali pamoja.
Famau Shekuwe alikuwa makubadhi,
kwata kwata juu ya mawe kabla ya adhana,
tukajua mtu kanyimwa maji,
au ukuta wa mtu umepasuka,
au baba kakosa usingizi
na ameona heri akakosee usingizi wake kazini.

Mwaka alioangushwa kwa kura kumi na moja
(na hizo kumi na moja alizijua kwa majina,
akazisalimia moja moja mpaka mwisho wake)
tulidhani siku hiyo atalala hadi adhuhuri.
Alfajiri tukasikia funguo.
"Wenda wapi?" mama akamuuliza. "Wewe si diwani tena."
"Diwani mpya hajui valvu yageukia wapi,
na leo zamu ya maji ni Mkomani."
Akatoka.
Mama alicheka kwa hasira,
kisha akateleka kahawa ya tangawizi,
akaifunika isipoe.

Jambo moja hamkulijua, nyinyi mliombeba:
alijua kusuka.
Mama alipolazwa, miezi miwili,
alitukalisha sakafuni baina ya magoti yake,
kitana kinywani, mafuta ya nazi viganjani,
akatusuka mistari iliyopinda kama vichochoro vyetu,
mmoja unaanzia utosini na kupotelea nyuma ya sikio.
Tukaenda chuoni hivyo hivyo.
Mwalimu akauliza, fundi wenu nani?
Zena akajibu: serikali.

Sitamsifu kwa yote.
Siku ya nikahi yangu watu walimngoja nusu saa.
Punda alikuwa amekwama mtaroni, mwenye punda analia,
na baba hakuweza kupita.
Alifika kanzu ina tope hadi magotini,
na mkono aliomshika nao mume wangu kuniozesha
ulinuka mtaro.
Miezi mitatu sikumsamehe.
Leo natafuta harufu ile katika nguo zake
na nguo zote zimefuliwa.

Ukurasa wa mwisho, upande wa mji:
Mwanajaha, ngazi ya nje, kidato cha nne kimelegea.
Ataanguka. Nyundo, misumari minne, kesho.
Ukurasa wa mwisho, upande wetu:
Kumwambia Somoe kwamba

Hapo wino umekoma.
Huenda kalamu ilikwisha. Huenda aliitwa mlangoni.
Aliitwa mlangoni maisha yake yote.

Nilimpelekea mama, ameketi kitandani na tasbihi.
Alisoma upande wetu kwanza,
kidole juu ya lile neno lisilo na mwenziwe,
muda mrefu, hata nikaona haya kusimama pale.
Kisha akaligeuza daftari, akasoma mambo ya mji.
"Hiki kidato cha Mwanajaha," akasema,
"kishatengenezwa?"
Nikasema bado.
Akainama uvunguni,
akatoa nyundo.